Kimo cha Chiriku

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, na za nyumba ya wazazi ambayo leo upande wa nyuma haina paa. Mimi mzima, ila vumbi. Nakula vumbi, nalalia vumbi, na chai yangu haihitaji tena majani. Jirani yetu Mwalimu amestaafu mwezi uliopita na hajui aipeleke wapi mikono yake. Kila asubuhi anakuja kukagua ujenzi kama anayesahihisha madaftari. Nilikutana sokoni na mama mzazi wa wifi. Akaniuliza, "Mnasikiana na wale wa mbali?" Nikasema tunasikiana. Akanitazama kidogo, akalipia vitunguu vyake, akaenda zake.

Najua utasema kwa nini sipigi simu. Mimi na wewe kwenye simu tunaishia "haloo, unanisikia?", na ramani haisomwi kwa haloo.

Sasa ujenzi. Fundi nimempata, mtu mzima, wanamwita Timazi kwa sababu haamini ukuta wowote mpaka autundikie ile kamba yake yenye risasi. Siku ya kwanza hata salamu hakutoa. Alitundika kamba kwenye ukuta wa sebule, akatikisa kichwa.

"Nani alijenga huu?"

"Marehemu baba yetu."

"Alikuwa mtu mwema?"

"Sana."

"Basi tumsamehe," akasema, akaanza kazi.

Ramani yako nimeibandika jikoni. Bafu liingie ndani, mlango wa jiko uhamie upande wa kisima, chumba chako na wifi kiwe upande wa upepo, cha Chiriku kiwe kando yenu. Yote nimemsomea. Anachotaka kujua ni haya: mlango wa bafu ufungukie ndani au nje? Swichi za taa ziwe wapi? Maji ya mvua kutoka batini yaelekee wapi? Mimi namjibu "ngoja nimuulize mwenye ramani" mpaka sasa ananiita Mama Ngoja.

Cherehani changu nimekifunika kwa sababu ya vumbi. Wateja wamevumilia.

Msalimie wifi. Chiriku mwambie shangazi yake anamwandalia chumba, apunguze maneno huko ili mengine yabaki ya kuja kunimalizia huku.

Dada yako

2 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako imenifikia ikiwa na vumbi kwenye mikunjo, nikaipangusa kwa heshima. Mimi sijambo. Kazi ni ileile, lifti nne za jengo la ghorofa ishirini na mbili. Napanda na kushuka siku nzima, na jioni najikuta palepale nilipoanzia. Baridi imeanza kupungua. Wote hapa wanakusalimu.

Huyo Timazi nimempenda. Mpe majibu haya.

Mlango wa bafu ufungukie nje. Hili usikubali abishe. Kwenye jengo letu, ghorofa ya tisa, kuna mzee anayeishi peke yake. Mwaka jana alianguka nyuma ya mlango wa bafu, na mlango wake unafungukia ndani, kwa hiyo mwili wake ukawa ndio kizuizi. Tuliitwa sisi mafundi tukaukata. Alikuwa hai, lakini alikuwa amekaa pale tangu juzi yake. Unajua aliniambia nini? "Nilikuwa nasikia lifti ikipita." Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya lifti hiyo, Dada, nikipita na spana yangu.

Sakafu ya bafu iteremke kidogo kuelekea tundu la maji. Asikadirie kwa macho, amwage ndoo ya maji aone yanakokwenda kabla hajaweka vigae. Taa ya korido iwe na swichi mbili, moja mwanzo na moja mwisho, mtu asirudi gizani kuizima. Swichi zote za nyumba ziwe kwenye kimo kimoja, upande wa kitasa, mkono uzikute bila kutafuta. Soketi za jikoni ziwe juu ya meza, mbali na sinki. Kila chumba kiwe na madirisha yanayotazamana, maana upepo ukiingia lazima uwe na pa kutokea. Maji ya batini yaende kwenye tangi, na yanayozidi yapite kwenye mtaro mbali na msingi.

Mwandiko wako una nini? Mistari inapanda mlima. Ulikuwa unaandika ndani ya gari?

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Huku mvua zimeanza na paa limewahi kurudi, tena halivuji, Mwalimu amekaa chini yake na mwavuli uliofungwa akisubiri tone la kulalamikia, asilipate. Mimi nipo.

Mwandiko ni kalamu mbovu. Na mkono nao si msichana tena.

Mlango wa bafu unafungukia nje. Timazi alibisha, nikamsomea habari za mzee wa ghorofa ya tisa, akaenda kuchukua bawaba. Kesho yake alikuja akasema, "Nyumbani kwangu nimeugeuza pia." Ndoo ya maji amemwaga, ya kwanza ikarudi mlangoni, akavunja akaanza upya, ya pili ikaenda ilikotumwa.

Kuna mambo machache nimebadilisha, usinune. Zile ngazi mbili za kushukia jikoni nimeziondoa, pamekuwa mteremko laini. Mlango wa jiko sikuuhamisha, nimeuacha pale ulipokuwa tangu tukiwa wadogo. Fremu za milango nimezipaka rangi ya buluu iliyoiva na kuta zote ni nyeupe. Na kwenye korido nimeweka mbao ya kushikia ukutani, kutoka chumbani kwangu mpaka bafuni, imepigwa msasa ikawa laini kama kitambaa. Ndiyo mitindo ya siku hizi.

Sasa tumefika chumba cha Chiriku. Timazi anataka kupigilia kulabu ya kutundikia begi la shule na rafu ya vitabu. Anauliza, "Mtoto mwenyewe ana kimo gani?" Nikacheka, nikamwambia nilimwona mara ya mwisho akiwa mgongoni kwa mama yake, sasa ana miaka tisa, ngoja nimuulize baba. Hivyo msimamishe ukutani unipimie. Na wifi naye ni mrefu, sinki la jikoni lisije likamvunja mgongo, aniambie mwenyewe anapenda liwe wapi. Tena aniandikie kwa mkono wake, nimekosa maneno yake siku nyingi.

Dada yako

11 Mei

Shikamoo Dada,

Natumaini mvua hazijaleta madhara. Mimi nipo, kazi nyingi, lifti moja imekufa na wapangaji wa juu wananichukia kwa zamu.

Dada, nimesoma barua yako mara tatu. Ile ramani nimeichora miaka minne. Mlango wa jiko sikuuhamisha kwa kujifurahisha: pale ulipo, moshi wote na harufu ya vitunguu inaingia sebuleni, wewe mwenyewe ulilalamika tangu mama yupo. Ngazi unaondoa, maji ya mvua kubwa yakiingia kwa nyuma yatazuiwa na nini? Na buluu! Nani alizungumza habari za buluu? Na hiyo mbao ya korido ni ya hospitali au ya nyumbani?

Nyumba si gauni, Dada, useme utalipunguza kiuno wakati mteja hayupo.

Tafadhali mwambie Timazi asiguse kitu kingine bila kuniuliza. Kuhusu jiko, mlango ubomolewe uwekwe ulipochorwa. Kuhusu tangi, liinuliwe juu ya kitako cha matofali ili maji yashuke yenyewe. Kuhusu taa ya nje, iwe juu ya mlango, si pembeni, mtu anayetafuta tundu la funguo asizibe mwanga kwa bega lake.

Hivyo vimo nitakuandikia.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Huku kuzima. Mwalimu ana mafua.

Mlango wa jiko hautabomolewa. Unaweza kununa huko huko uliko, kuna nafasi. Mimi ndiye ninayeupita mara arobaini kwa siku. Maji ya mvua nimeyafikiria, Timazi amechimba mtaro nyuma na kuufunika kwa wavu wa chuma. Si kila asiyechora hana akili.

Uliyosema kuhusu gauni nimeyasikia. Miaka thelathini na moja nimeshona, hakuna aliyenirudishia nguo.

Nilichubuka kidogo. Timazi alichimba shimo la maji machafu nami nikaenda kulitembelea. Akanitoa, akanikalisha juu ya mfuko wa saruji, akaniuliza taratibu, "Mama, hukuliona?" Nikamwambia nilikuwa na mawazo. Akasema, "Shimo hili lina upana wa meza, Mama." Nikamwambia na mawazo yangu yalikuwa na upana huo huo. Tangu siku hiyo amezungushia kamba nyeupe kila anapochimba, na akipita karibu nami anakohoa.

Kimo cha mtoto hukuniletea. Wala wifi hajaniandikia. Ni jambo la kumsimamisha mtoto ukutani na kalamu. Mara ya pili nakuomba.

Dada yako

2 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui kama barua yangu ya Juni ilifika au ilichoka njiani. Sipati jibu. Hapa hakuna mgonjwa.

Timazi amemaliza, ameenda kazi nyingine ng'ambo ya soko. Nje amebakiza baraza la mbele, ndani chumba kimoja tu. Kina mlango, madirisha na sakafu, zaidi ya hapo hakina kitu, na ninapopita sauti ya viatu vyangu inarudi kama kuna mtu ndani. Sikujua kwamba mafundi walikuwa wananichangamsha. Sasa nyumba imekuwa nzuri na imenyamaza.

Niandikie. Hata kama ni matusi, yaandike kwa herufi kubwa.

Dada yako

21 Septemba

Dada,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zilifika. Zimekaa juu ya meza, nakula nazo kila siku, kwa sababu meza ni moja na mlaji ni mmoja.

Kimo cha Chiriku sikijui.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi tano kabla ya hii. Sijamwona mwanangu mwaka mmoja na miezi saba. Mama yake aliondoka naye, wanaishi mji mwingine, safari ya treni ya saa nne kutoka hapa. Hatukupigana, wala hapakuwa na mwanamke wala pombe, ningekuwa na cha kueleza watu. Palikuwa na ramani. Nikirudi kazini nakaa mezani nachora. Jumapili nachora. Mtoto akija na daftari lake namwambia subiri nimalize ukuta huu, ukuta wa chumba chako. Siku moja mama yake alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Unatujengea nyumba kule, hapa unatuishisha na mgongo wako. Mtoto hakui kwenye ramani." Nilimjibu anipishe mwanga. Hilo ndilo jibu nililompa, Dada. Baada ya wiki mbili walikuwa wamekwenda.

Kwanza nilidhani ni hasira za siku chache. Kisha nikaona haya kupiga simu, na haya ikipita mwezi inakuwa ukuta. Nikaendelea kuchora, maana nilijua kuchora tu. Kila nilipokuandikia "wote hapa wanakusalimu", wote hao walikuwa mimi na jokofu.

Ulipouliza kimo, nilichukua futi nikasimama katikati ya chumba nikijaribu kukumbuka kichwa chake kilikuwa kinanifikia wapi. Nikamuuliza mwenzangu kazini mtoto wa miaka tisa ana kimo gani. Akasema, "Wanatofautiana. Wako ana kimo gani?" Nikamwambia lifti inaniita.

Ndiyo sababu sikupiga simu hata kwako. Kwa barua ningeweza kudanganya. Sauti yangu wewe unaijua tangu sijaota meno.

Ile ya gauni nisamehe. Usimwambie mtu mwingine haya.

Mdogo wako

17 Oktoba

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yangu,

Pole. Nimeanza na hilo, salamu zitasubiri zamu yake leo.

Barua yako alinisomea Mwalimu. Najua uliniomba nisimwambie mtu, ila kuanzia Juni siwezi kusoma mwandiko wako mwembamba, na hapo ndipo langu linapoanzia. Alisoma mpaka kwenye jokofu, akavua miwani akaipangusa, akasema, "Nitaendelea, ila nipe maji kwanza." Atakufa nayo, usihofu.

Nina presha ya macho. Daktari aliniambia Desemba iliyopita. Mwanga unakufa kuanzia pembeni ukija katikati, sasa naiona dunia kama mtu anayechungulia tundu la funguo. Nikikutazama usoni sioni mabega yako. Dawa za matone zinalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Cherehani sikukifunika kwa vumbi. Nilijishona kidole Januari, nikaona basi.

Sasa ramani yako ielewe upya. Ngazi niliziondoa kwa sababu miguuni sioni. Buluu ni ili niujue mlango uko wapi kwenye ukuta mweupe. Mbao ya korido mkono wangu unaifuata. Mlango wa jiko sikuuhamisha kwa sababu ndio mlango pekee ninaoupita bila kufikiri. Ukiuhamisha, mdogo wangu, unaniondoa nyumbani nikiwa nimesimama ndani. Nilikuwa najenga nyumba ya kipofu ndani ya nyumba yako na kuiita mitindo ya siku hizi. Nilipaswa kukuambia mapema. Niliogopa utaacha kazi uje kunitunza, uvunje familia yako kwa ajili yangu. Ndiyo hivyo, wewe ulikuwa unanificha familia uliyokwisha kuipoteza, mimi nakuficha macho ili nisiivunje.

Tangu siku ile ya vitunguu nilihisi kuna jambo. Uliponyamaza Julai nzima, nilimshika Mwalimu mkono tukaenda kwa mama wa wifi. Hakuniambia kitu, alinipa anwani tu. Nikamwandikia wifi mapema Agosti, sikumuuliza habari za ndoa, nilimuuliza kimo cha mtoto. Jibu lilifika wiki mbili kabla ya barua yako. Nililiweka kabatini nikakungoja. Nilitaka uniambie kwa kinywa chako.

Alinitumia utepe. Ameandika hivi, Mwalimu ameninakilia: "Wifi yangu, utepe huu ni Chiriku kuanzia kisigino mpaka utosini. Hapo kwenye fundo ndipo mkono wake unapofika bila kujinyoosha. Aliuliza kulabu ni ya nini, nikamwambia shangazi yako anakuwekea chumba. Akasema, mwambie nina mabegi mawili. Kwa ndugu yako sirudi, na nakuomba usiniombe, maana wewe nikikukatalia nitaumia. Ila mtoto sikumkataza baba. Baba ndiye aliyejikataza."

Nilimwita Timazi. Futi yake mimi siioni, lakini utepe unapimika kwa vidole. Nilikanyaga mwisho mmoja, nikauvuta ukutani mpaka kwenye fundo, nikamwambia hapa. Akauliza, "Moja?" Nikasema, mbili, mwenyewe ana mabegi mawili. Akapigilia mbili, akanyoosha kamba kutoka moja mpaka nyingine kuona kama zimelingana, akaondoka bila kudai maelezo.

Utepe huo nimeufunga humu. Mimi nimeshautumia. Usinijibu haraka. Anza na huko.

Dada yako

24 Novemba

Shikamoo Dada,

Nimeusoma ugonjwa wako nikiwa ndani ya chumba cha mitambo, nimekaa sakafuni. Sitakuambia nilivyofanya. Nitakuambia kwamba ile ramani nimeikunja, na kwamba mlango wa jiko uko mahali pake hasa, na atakayeugusa atapita juu ya maiti yangu.

Utepe niliusimamisha ukutani siku ileile. Ulinifika kifuani, kwenye kifungo cha tatu cha shati. Dada, nilikuwa nachora kitanda cha mtoto anayenifika kwenye mkanda. Nilisimama nao pale kama mtu anayesindikiza mgeni, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Jumamosi nikapiga simu. Akapokea yeye.

"Nani?"

"Baba."

Akasema, "Wewe ndiye unayejenga ile nyumba?"

"Anayejenga ni shangazi."

"Sasa wewe unafanya nini?"

"Nachora."

"Ahaa," akasema, kwa adabu kabisa, kama mtu anayezungumza na mteja. Halafu akamwita mama yake.

Jumapili iliyofuata nilipanda treni. Tulipewa saa tatu, tukazimalizia kwenye benchi la stesheni kwa sababu mvua ilitufungia pale. Nilidhani atanimwagia maneno. Hakusema kitu. Nilimwita Chiriku, akanitazama akasema, "Shuleni hawaniiti hivyo siku hizi." Nikauliza wanamwitaje. Akasema, "Jina langu tu." Nilimnunulia mkate, akaula wote, akaushukuru mkate zaidi ya alivyonishukuru mimi. Nimekwenda mara tatu tangu hapo. Mara ya tatu aliniuliza kama mguu wangu unauma, maana nilikuwa nachechemea. Hilo ndilo neno refu mpaka sasa. Nilirudi na treni nikiwa nimelishika kama yai.

Sasa nakuambia lile gumu, na nalisema kabla halijawa ukuta. Sirudi kuishi nyumbani, Dada. Nimepata kazi ya kuangalia lifti za hospitali kwenye mji wanakoishi, nahamia mwisho wa mwezi. Nikirudi kwako nitakuwa nimemwacha mara ya pili, na safari hii atakuwa na umri wa kukumbuka. Nimepima pande zote, mizani haikai sawa. Wewe uko peke yako kwenye nyumba niliyokuambia ni yetu sote, nami ninakuacha humo na vyumba viwili visivyo na mtu. Nikatae, nitukane, nitapokea.

Mama yake amekubali tuje naye likizo ya Januari, wiki tatu. Mwenyewe alipoulizwa alisema "sawa". Sijui "sawa" yake ina kimo gani.

Hizi ni za Timazi, si amri, ni maombi ya mtu anayeomba kuwa na faida. Kwenye mteremko wa jiko apake saruji ya kukwaruza, usiteleze. Taa za bafu na jikoni ziwe kali, zisielekee machoni. Ukingo wa meza upakwe rangi ile ile ya milango. Baraza la mbele asilimalize, aache upande mmoja. Nataka nikija niwe na matofali ya kupanga, sitajua kukaa kwenye nyumba iliyokamilika bila mkono wangu.

Mdogo wako

20 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu sasa, kwa kirefu, maana leo nina nafasi. Mimi mzima. Mwalimu mzima, anakusalimu, amejiteua kuwa msomaji wangu na anasoma hata alama za nukta. Timazi mzima, ameukwaruza mteremko mpaka ukawa kama ulimi wa ng'ombe. Barua hii naandika kwa mkono wangu: daktari amenipa karatasi ngumu iliyokatwa mwanya mmoja, kalamu inapita humo, mstari haupandi tena mlima.

Barua yako niliomba isomwe mara mbili. Baada ya hapo nilimwambia Mwalimu aende kwake. Nilitembea nyumba nzima na mkono ukutani, chumba chako, chumba cha mtoto, bafu, jiko, nikarudi. Ni nyumba nzuri. Kila kitu kiko mahali mkono unapokitegemea. Ilinichukua muda mdogo sana kuimaliza, nikaona kumbe nyumba ya mtu mmoja hata ikiwa kubwa haina safari.

Sikukatalii. Ningekuwa na mtoto na dada, na mguu mmoja wa kusimamia, ningesimama kwa mtoto. Nimelia, ndiyo, nikanawa uso. Usiombe msamaha kwa jambo ambalo ningekugombeza kama usingelifanya.

Chumba chako nitampangisha nesi mmoja wa zahanati, mwanamke mtulivu, atahama kila mnapokuja. Baraza tumeliacha wazi upande wa kushoto, matofali yamepangwa chini ya turubai.

Jicho la kulia limezimika tangu wiki iliyopita. Nakuambia mapema, usije ukafika ukashtuka mbele ya mtoto. La kushoto bado linachungulia. Daktari hatoi ahadi za Januari, nami sikumuomba.

Kuna jambo moja la kumwambia mtoto njiani, mwambie taratibu, asiogope. Hapa kwangu asijilazimishe kuchangamka wala kuniita kwa mapenzi asiyokuwa nayo bado. Lakini asinyamaze. Akiingia chumbani aseme ameingia, akitoka aseme anatoka, akichoka nami aseme kwa sauti kwamba amechoka nami. Wewe pia. Mkifika msisimame mlangoni mkinitazama kwa huruma mkadhani nimewaona. Semeni chochote, hata kama ni kulalamikia buluu. Kwa mtu kama mimi, mdogo wangu, anayenyamaza hayupo.

Dada yako